Bafta Iliyokuwa Chini ya Kitanda cha Bibi

Mama mdogo alinipigia simu Alhamisi mchana. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza shikamoo. "Jumamosi guta la taka linakuja. Chumba cha mama nakipangisha mwezi ujao. Kama kuna kitu unakitaka njoo asubuhi, maana kikishapakiwa sitaki kusikia kilio."

Nikasema nitakuja. Ijumaa yote mikono haikutulia. Ninashona mapazia kwenye kibanda cha fundi huko Temeke, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu na kuangalia zilivyounganishwa, na siku ile pazia moja nililishona mara tatu na kulifumua mara tatu, mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakiogopa kile chumba.

Jumamosi nilifika Mwananyamala jua likiwa bado halijachoma. Guta lilikuwa limeshaegeshwa nje, lile la magurudumu matatu lenye sanduku la bati nyuma, na mwenyewe amekaa kwenye tandiko anakula muhogo. Mama mdogo alikuwa amejifunga khanga kiunoni, ufagio mkononi. "Anza chini ya kitanda," akasema. "Huko ndiko kwenye mambo yenu na bibi yako."

Nikapiga magoti, nikainua shuka. Rafiki yangu, laiti ungekuwepo ukainama pamoja nami, maana harufu ile haisimuliki: kutu, sabuni ya mche, karafuu, na kwa mbali sana, udi. Hiyo ya mwisho ikanirudisha nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Makopo yalikuwa yamepangwa kama alivyoyaacha, makubwa nyuma, madogo mbele. Na kule nyuma kabisa, ukutani, palikuwa na nafasi tupu inayotosha mfuko mmoja wa unga. Tangu msiba wa Bibi, hakuna aliyeweka kitu pale.

Nafasi hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia. Sijawahi kuisimulia yote.

Mama yangu alikuwa akifanya kazi Mtwara, kwa hiyo nililelewa na Bibi, mama yake. Ndani tulikuwa watatu: Bibi, Mama mdogo ambaye alikuwa bado hajaolewa, na mie. Chumba cha mbele alipanga mama mmoja wa bara, Mkristo, muuza maandazi, aliyekaa pale miaka mingi hadi kodi ikawa kama mazoea tu. Pipa la taka tulikuwa nalo, ndoo kuukuu ya rangi karibu na mlango wa uani, lakini lilichukua wiki mbili kujaa. Wazoa taka walikuwa wakitutania kwamba nyumba ile haina watu.

Ilikuwa na watu. Ila ilikuwa na Bibi pia. Maganda ya viazi na ndizi yalikwenda kwa mbuzi wa nyumba ya tatu. Machicha ya nazi walikula kuku. Kifuu kizima kiligeuka upawa, kilichovunjika kiliwashia mkaa, na makumbi yalisugulia masufuria pamoja na jivu la jiko lilelile. Masika yakikaribia, madumu yaliyopasuka yalikatwa juu na kupangwa chini ya ukingo wa bati kukinga maji. Mvua zikiisha, madumu yaleyale yakatobolewa chini, yakajazwa udongo na maganda ya mayai, tukapanda mchicha na pilipili. Ramadhani, makopo ya maziwa yalitoka chini ya kitanda yakiwa yamesuguliwa yanang'aa, yakaenda kwa majirani na uji wa pilipili manga, yakarudi na tende. Sikukuu yalijaa vileja. Na Januari, shule zikifunguliwa, kurasa tupu za madaftari ya mwaka uliopita zilichomolewa na kushonwa pamoja kuwa daftari jipya la mazoezi, na zile zilizoandikwa alipewa mama wa maandazi afungie biashara yake.

Hayo ya madaftari yalinitesa. Mtaa mzima ulijua alama zangu za hisabati. Kuna asubuhi nilimkuta baba mmoja amesimama njia panda, andazi mkono huu, karatasi yangu mkono huu, anasoma: "Nane kati ya ishirini. Binti, hii saba mara nane imekushinda kabisa?" Nilikimbia nikamwomba ile karatasi. Akanipa, imelowa mafuta. Nikaificha chini ya godoro kama vile kuna mtu angekuja kuikamata.

Khanga ndiyo ilikuwa na safari ndefu kuliko vyote. Ikinunuliwa ilikuwa ya kutokea. Ikififia ikawa ya nyumbani. Ikichoka zaidi ikabeba mtoto wa mtu yeyote aliyekuwa analia karibu, kisha ikakatwa, kipande cha kushikia sufuria, kipande cha kufutia vyombo, na mwisho kabisa dekio la sakafu. Dekio nalo likianza kuachia nyuzi, Bibi alilisokota likaziba tundu la mlango panya wasipite.

Kabla ya kutupa chochote tulitakiwa kukiuliza kama kimechoka. Ndivyo alivyosema, kwa sura kavu kabisa. "Umekiuliza?" Nilikuwa nikisimama mbele ya pipa na soksi isiyo na kisigino, nikainong'oneza, nikasubiri. Ukiidanganya ile soksi, Bibi alijua. Alikuwa na masikio ya ajabu. Angeweza kuwa msalani, au kibarazani akichambua mchele, kitu kikadondoka ndani ya pipa, na hapohapo sauti ikatoka: "Nani katupa kopo?" Si ganda. Si karatasi. Alijua ni kopo.

Sasa weka katika nyumba hiyo mtoto kama mie. Nilipanga penseli kwa urefu. Nikikosea herufi moja nilifuta ukurasa mpaka unatoboka, nikaanza upya, nikatoboa tena. Bibi alikuwa akiniangalia anatikisa kichwa. "Mke mwenzangu," aliniita hivyo, utani wa bibi na mjukuu wake, "wewe iko siku utafuta mpaka jina lako." Vitu vyetu vya kutumia tena na tena vilinionea aibu, au mie ndiye niliyevionea. Vilikuwa na madoa. Vilikuwa na viraka visivyofanana. Nilitamani kitu kimoja tu katika nyumba ile kiwe kipya, kiwe cheupe, kiwe sawasawa.

Mwaka niliokuwa darasa la sita ndio ule mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku. Watu walihangaika sokoni na nyanya mikononi. Mwalimu wetu akatupa kazi: kila mmoja ashone mfuko wa kitambaa kwa mkono wake, kwa masalio ya nyumbani, kitambaa cha kununua hakitakiwi. Utakaokuwa bora utatundikwa mbele ya darasa hadi siku ya wazazi. Alipotamka neno "bora" moyo wangu ukaanza kwenda mbio, na haukutulia wiki nzima.

Nilianza na shati langu la shule la zamani. Mishono ikapinda, nikafumua. Nikajaribu khanga, ikachanika kwenye sindano. Nikajaribu mfuko wa mto, una doa la chai umbo la mguu, nikauchukia. Hakuna aliyenifundisha kushona. Nilikuwa nafumua kanzu kuukuu ya marehemu babu na kuhesabu mishono, sita, saba, kwa upana wa ukucha wangu. Nilijua mkono unaweza. Nilichokosa, nilijiambia, ni kitambaa kinachostahili.

Jumamosi ile Bibi alivuka kwenda Kigamboni kwenye msiba wa ndugu, akalala huko siku tatu. Jumapili mchana Mama mdogo alikuwa uani anafua. Mie nikaingia chini ya kitanda. Nikavuta makopo moja moja bila kuyagonga, na nyuma yake nikauona mfuko wa unga wa ngano, umefungwa kwa kamba ya katani.

Ndani palikuwa na bafta. Nyeupe, imekunjwa mara nyingi, nzito. Pamoja nayo pamba, kichupa cha marashi, na udi kwenye karatasi.

Hapa nataka nikuambie kitu ambacho sikumwambia Bibi wala Mama mdogo. Baadaye nilisema sikujua. Nilisema nilidhani ni kitambaa tu kinachosubiri kazi ya pili kama vingine vyote chini ya kile kitanda. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Sikuwa nimewahi kuona sanda, na hakuna aliyeniambia kwamba wanawake wa makamo ya Bibi huiweka yao tayari ndani, wakiipigia hesabu kama mtu anavyoweka nguo ya safari. Lakini harufu ile ya udi na marashi niliijua. Niliwahi kuisikia kwenye nyumba zenye turubai nje. Mkono wangu ulisita. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikaisogeza karibu na mdomo, nikaiuliza: umechoka? Jibu nililipata waziwazi. Bafta haikuwa imechoka. Ilikuwa haijaanza hata kazi ya kwanza.

Nikachukua mkasi.

Kipande cha kwanza kikatoka kimepinda. Nikakinyoosha, kikawa kidogo. Nikakata cha pili, kikanipita upande. Cha tatu nilikipima kwa rula mara nne, nikakikata sawasawa, na nilipokiinua nikaona kwamba nilichoacha nyuma kina pengo kubwa katikati, kama mkate ulioumwa. Nikakunja ili upande mzima uwe juu, nikaweka pamba, nikaweka udi, nikafunga kamba fundo lilelile. Makopo nikayarudisha. Nilikuwa mzuri sana wa kurudisha vitu.

Mfuko ulikuwa bora. Sijisifu, ndivyo ulivyokuwa. Mama wa maandazi aliuona niliposhona pindo la mwisho. "Eh, binti, hiki kitambaa cheupe hivi umekitoa wapi?"

"Masalio."

"Masalio ya nani? Nyumba hii masalio yake nayajua yote, mpaka dekio tunasalimiana."

Nikacheka. Nilikuwa na jasho mpaka kwenye vidole. Jumatano mwalimu akautundika kwenye msumari juu ya ubao, na kwa siku moja nzima nilikuwa na furaha ya aina ambayo sijawahi kuipata tena.

Alhamisi, muda wa kuchambua mchele wa pilau, Bibi alikaa ghafla kwenye kigoda uani akasema kichwa kinamzunguka. Kisha mkono wake wa kushoto ukakataa kunyanyuka. Mama mdogo alipiga ukelele, bajaji ikaja, wakaondoka naye hospitali. Mie nikaachwa na mama wa maandazi na ungo wa mchele uliomwagika.

Jioni Mama mdogo alirudi kuchukua khanga na chupa ya chai. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alisimama ukumbini akawa anaongea na mama wa maandazi kwa sauti ya chini, na mie nilikuwa nyuma ya pazia.

"Madaktari wanasema tusubiri. Presha imepanda sana."

"Atapona, dada. Tunamwomba Mungu."

"Yeye mwenyewe hana wasiwasi, ndiyo kinachonitisha. Ananiambia vitu vyangu viko tayari, usihangaike. Mfuko uko chini ya kitanda. Bafta aliletewa na rafiki yake aliyekwenda Makka, imeloweshwa maji ya kisima cha Zamzam. Kaihifadhi miaka. Anasema yeye hataki nyingine."

Rafiki yangu, niliwahi kuogopa mbwa, niliwahi kuogopa fimbo. Ile ilikuwa nyingine. Bibi alikuwa amelala hospitali na nguo yake ya mwisho ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya ubao wa darasa la sita, na jina langu limeandikwa chini yake. Akilini mwangu mambo mawili yakaungana, ya mkasi na ya mkono wa kushoto uliokataa kunyanyuka, na hakuna aliyekuwepo wa kuyatenganisha. Niliamini ni mie.

Ijumaa nilifika shule kabla ya kengele. "Mwalimu, shikamoo. Naomba mfuko wangu."

"Marahaba. Wa nini? Siku ya wazazi ni wiki ijayo."

"Naomba tu, Mwalimu."

"Wewe si ndiye uliyeniuliza mara tano kama msumari umenyooka?"

"Kitambaa si changu. Cha Bibi."

"Alikupa?"

"Yuko hospitali."

Mwalimu akavuta kiti, akapanda, akautungua. "Alama zako nitaziweka palepale," akasema. Nikamwambia tafadhali asiziweke. Nadhani hilo ndilo neno pekee la heshima nililosema wiki ile.

Nilifumua mfuko wote nimekaa nyuma ya nyumba kwenye ngazi ya choo, uzi kwa uzi. Kisha nikaanza kuunganisha. Vipande vile vitatu nilivirudisha kwenye pengo lake kimoja kimoja, mishono minane kwa upana wa ukucha, midogo kuliko yote niliyowahi kushona, alasiri mbili mfululizo, na kila bodaboda iliyosimama nje ilinirusha roho kwa sababu nilidhani imeleta habari. Nilikuwa nashindana na kitu nisichokiona. Wakija kuifungua kabla sijamaliza? Nikajichoma kidole, tone la damu likaangukia pembeni ya bafta. Nilitema mate nikasugua mpaka ngozi ikaniuma. Jumapili jioni nikaipasha moto pasi ya mkaa, nikanyoosha, nikakunja, nikarudisha. Doa lilibaki, dogo kama mbegu ya mchicha.

Bibi hakufa. Jumatatu alirudi akiegemea bega la Mama mdogo, mkono wa kushoto mzito lakini unanyanyuka, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kulichungulia pipa. "Nani katupa kifuu kizima?" Mama wa maandazi alicheka mpaka akalia. Mie sikucheka. Maana nilikuwa najua jambo ambalo wao hawakuwa wanalifikiria: Shaabani ilikuwa imeshaingia, na kila Shaabani, wiki moja kabla ya mfungo, Bibi alitoa kila kitu chini ya kitanda akakianika juani. Kila kitu.

Nilihesabu siku zile kama mtu aliyehukumiwa. Nilideki bila kuambiwa. Nilisugua masufuria hadi chini yakawa kioo. Mara mbili nilifika mlangoni kwake nikiwa na maneno yote yamepangwa, na mara mbili nikaona hayajakaa sawa, nikarudi kuyapanga upya. Huo ndio ugonjwa wangu hadi leo. Hata kukiri nilitaka kukiri bila kosa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua kali. Tukatoa makopo, tukatoa chupa, magunia, vitambaa. Mwishoni akasema, "Lete mfuko wa ngano." Nikaleta. Akafungua kamba kwa meno, mkono mmoja bado ulikuwa haujamrudia vizuri. "Shika ncha hii." Nikashika. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, na bafta ikafunguka katikati yetu juani, na mishono yangu ikaonekana yote.

Kuku walikuwa wanaparura. Mama wa maandazi alikuwa anaimba ndani. Bibi alipitisha kidole juu ya mshono, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, akafika kwenye lile doa akasimama hapo.

"Nani kakufundisha kushona hivi?"

"Mwenyewe, Bibi."

"Umeshona vizuri." Hakuniita mke mwenzangu. "Lakini nguo hii haishonwi."

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha.

"Uliiuliza?"

"Niliiuliza."

"Ikasemaje?"

Ningeweza kudanganya. Kitambaa hakina mdomo. "Ikasema haijaanza kazi," nikasema.

"Na wewe ukakata."

"Nikakata."

Alivuta pumzi ndefu, akaketi kwenye kigoda chake, bafta mapajani. Nilisubiri fimbo, na nilikuwa naitaka. Badala yake akanipa sindano. "Fumua. Usikate uzi hata mmoja kwa mkasi. Ukimaliza, nenda kamwambie mama yako mdogo. Mie simwambii."

Nilifumua. Ilikuwa ni mara ya pili kufumua kitambaa kilekile, na safari hii yeye alikuwa amekaa mbele yangu anachambua mchele kwa mkono mmoja. Nilipomwambia Mama mdogo, aliangusha bakuli. "Umemkata mama yangu sanda? Wewe mtoto una nini? Angekufa ile Alhamisi ningemfunika na nini, na mfuko wa shule?" Akainua mkono. Sauti ikatoka chumbani: "Mwache. Kaja mwenyewe." Mkono ukabaki juu kwa muda, kisha ukashuka. Kwa wiki mbili Mama mdogo alinipa chakula bila kunisemesha.

Bibi aliagiza bafta nyingine Kariakoo, ya kawaida. Haikuwa ya Makka. Ile ya zamani haikubakiza shuka la kumfunika mtu mzima; kipande kikubwa kilichosalimika alikikunja pamoja na mpya, akasema kitatosha ushungi. Vile vidogo, vya kwangu, alivichana vikawa kamba ndefu nyembamba, akazizungusha kama bandeji, akazitia kwenye kopo la siagi. Nikamuuliza ni za nini.

"Za kufungia."

"Kufungia nini?"

"Kopo liweke mbele, mke mwenzangu. Nitakuhitaji ulikumbuke."

Niliposikia lile jina nilipumua kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima. Kamba nilidhani ni za kufungia pilipili zisianguke.

Aliishi miaka mingine minne. Alinifundisha kutia pindo mkono wake wa kulia ukiongoza wa kwangu, na mie nikawa mkono wake wa kushoto. Alipofariki ilikuwa asubuhi, bila kelele. Wanawake wakaja, waosha wakaingia chumbani, mlango ukafungwa. Nilikuwa ukumbini nimekaa mkekani na mama wa maandazi, amejifunga khanga kichwani kama sisi wote. Mlango ukafunguka kidogo, Mama mdogo akatoa kichwa.

"Wanataka za kufungia. Mama aliniusia tusichane mpya, wewe unajua ziliko."

Niliingia. Nikapiga magoti palepale, upande ule wa kitanda, nikatoa kopo la siagi lililokuwa mbele. Mwosha mkuu alizizungusha zikafunguka, akazipima kwa macho. Moja ya kichwani, moja ya kiunoni, moja ya miguuni. Zilitosha. Alipokuwa anafunga ile ya kiunoni aliisogeza karibu na uso wake. "Hii ina vitobo," akasema. "Vimepangwa hivyo!" Vitobo vilikuwa vyangu, vinane kwa upana wa ukucha. Mama mdogo aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya bakuli, aliniangalia moja kwa moja.

Hivyo ndivyo Zamzam ilivyokwenda naye.

Sasa nimekaa sakafuni kwenye chumba kinachosubiri mpangaji. Temeke ninakoishi kila kitu kinakuja kimefungwa, na kila kilichofungia kinakwenda. Maziwa ya pakiti, sabuni ya pakiti, hata karanga. Pipa langu linajaa kila siku ya pili. Makopo nayatupa bila kuyauliza, naona aibu kukuambia lakini ndivyo. Sina chini ya kitanda. Kitanda changu kimekaa juu ya matofali na chini kuna cherehani. Mama wa maandazi alirudi kwao bara. Mbuzi wa nyumba ya tatu hayupo, na nyumba yenyewe sasa ni fremu za maduka. Khanga zangu zinafika ngazi ya pili tu, kisha sijui zinakwenda wapi.

"Bado?" Mama mdogo akaita. "Mzee wa guta ana safari nyingine."

Niliweka pembeni kopo la siagi. Ndani lilikuwa na kamba moja iliyobaki, fupi, yenye doa dogo kama mbegu ya mchicha. Hiyo nilijua naondoka nayo. Mengine tuliyapakia. Nilifika kwenye kopo moja la maziwa lililoliwa na kutu hadi mwanga unapita, nikalishika kwa mikono miwili, nikaliuliza. Safari hii sikuidanganya nafsi yangu: lilikuwa limechoka. Nikatoka nje nikalirusha ndani ya guta. Likagonga bati, likabingirika, mlio wake ukafika mpaka uani.

Nikasimama nikisikiliza. Nilipogeuka nikamwona Mama mdogo amesimama mlangoni, ufagio umetulia mkononi, kichwa kimeinama upande kidogo kuelekea chumbani. Naye alikuwa anasubiri.

Mzee wa guta akapanda tandiko, akaondoka. Hakuna aliyeuliza.